Magonjwa ya mlipuko na umri wa kuishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kigoma na Tabora

Maswali haya hurudi kila mara: kwenye mikutano ya vijiji, kwenye mabenchi ya zahanati, kwa wanafunzi wa vyuo vya afya, na kwenye mabasi ya Kasulu pale redio inapotangaza kwamba Watanzania sasa wanaishi miaka kadhaa zaidi. Jibu likigusa jambo lililoelezwa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya mwanzo

Wastani wa umri wa kuishi ni nini hasa? Ndiyo miaka nitakayoishi mimi?

Hapana. Wataalamu huchukua vifo vya mwaka mmoja, wakaangalia katika kila umri ni wangapi wamekufa kati ya waliokuwa hai. Kisha huuliza: mtoto aliyezaliwa leo, kama maisha yake yote angekutana na hatari zilezile za mwaka huu, angeishi miaka mingapi kwa wastani? Jibu ndilo hutangazwa redioni. Kwa hiyo ni picha ya vifo vya mwaka huo, wala si utabiri wa maisha ya mtu fulani.

Wengi huteleza hapa: wakisikia sensa ya 2002 ilitoa miaka 51, wanadhani watu walikuwa wakifikisha 51 wanakufa. Chukua mfano wa kubuni wa watu kumi. Wawili wanafariki wakiwa na mwaka mmoja, wanane wanafika 70. Wastani wao ni miaka 56.2, na hakuna hata mmoja aliyefariki karibu na umri huo. Vifo vya watoto wachanga huvuta wastani chini kwa nguvu sana. Ndiyo maana mtu aliyekwisha vuka utoto ana matarajio ya kufika mbali kuliko namba ile inavyoonyesha, na ndiyo maana Ujiji kulikuwa na vikongwe hata enzi ambazo wastani ulikuwa chini kabisa.

Janga likiingia, namba hii hushukaje? Na mbona hupanda tena haraka?

Kwa kuwa inapima mwaka mmoja mmoja, hupokea kipigo mwaka uleule. Mfano mkali ni mafua ya 1918. Marekani, umri wa kuishi ulikuwa karibu miaka 51 mwaka 1917, ukaanguka hadi karibu 39 mwaka 1918, kisha 1919 ukafika karibu 55. Hakuna aliyefufuka. Mwaka mbaya ulipita, na hesabu ya mwaka uliofuata ikachukua vifo vya mwaka huo tu.

Kwa hiyo namba ikirudi juu usiseme janga limefutika. Yatima wapo, wajane wapo, na mashamba yaliyokosa mikono hayaonekani kwenye hesabu hii.

Kinachoshusha zaidi ni wingi wa waliokufa au umri wao?

Vyote viwili, lakini umri una uzito ambao watu wengi hawautarajii. Kijana wa miaka 25 akifariki, hesabu inapoteza miaka mingi ambayo angeishi. Mzee wa miaka 80 akifariki, miaka inayopotea ni michache. Kwa machozi ya familia hakuna tofauti. Kwa hesabu tofauti ni kubwa.

Angalia magonjwa matatu. Mafua ya 1918 yaliua kwa wingi usio wa kawaida watu wa miaka 20 hadi 40. Ukimwi nao ulichukua watu wazima wa umri wa kuzaa na kulima, pamoja na watoto walioambukizwa na mama zao. Korona iliwaelemea wazee na wenye kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo, na wanaume zaidi ya wanawake. Ukijua ugonjwa unachukua umri gani, umeshajua nusu ya jibu kuhusu mkoa wako.

## Duniani

Korona ilishusha umri wa kuishi kwa kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kati ya 2019 na 2021 wastani wa dunia ulishuka kwa miaka 1.8, ukarudi kwenye miaka 71.4, yaani kiwango cha 2012. Kwa miaka miwili tu, mafanikio ya takribani muongo mzima yaliliwa.

Hata hivyo mikoa ya dunia haikuumia sawa. Kwa mgawanyo wa WHO, nchi za Amerika na zile za Kusini-Mashariki mwa Asia zilipoteza karibu miaka mitatu, ilhali Pasifiki Magharibi haikupoteza hata sehemu moja ya kumi ya mwaka.

Marekani ni tajiri. Mbona iliumia kuliko nchi nyingine tajiri?

Ilitoka miaka 78.8 mwaka 2019 ikafika 77.0 mwaka 2020, kisha 76.4 mwaka 2021. Nchi kadhaa za Ulaya Magharibi zilianza kupanda tena mwaka wa pili, Marekani ikaendelea kushuka. Wengi walikuwa tayari na unene uliopitiliza na kisukari, matibabu hayawafikii wote kwa usawa, vifo vya dawa za kulevya vilikuwa vinaongezeka wakati huohuo, na sehemu ya watu walikataa chanjo. Bulgaria, ambako waliochanja walikuwa wachache, ilipoteza zaidi ya miaka mitatu kati ya 2019 na 2021.

Somo la Marekani huwa nalitumia kumjibu anayesema utajiri pekee ndio kinga.

“Vifo vya ziada” ni nini?

Ni tofauti kati ya vifo vyote vilivyotokea na vile ambavyo vingetarajiwa kama janga lisingekuwapo. Uzuri wake ni kwamba hakihitajiki kipimo cha maabara: aliyekufa kwa korona bila kupimwa yumo, na mjamzito aliyekosa gari la wagonjwa kwa sababu ya vurugu za janga naye yumo. Kwa 2020 na 2021 pamoja, WHO ilikadiria vifo vya ziada milioni 14.9, wakati vilivyokuwa vimeripotiwa rasmi kuwa vya korona vilikuwa kama milioni 5.4.

Ubaya wake ni kwamba huwezi kujua cha ziada kama hujui cha kawaida. Hapo ndipo sisi hukwama. Soma sehemu ya usajili hapo chini.

## Huku kwetu

Mbona Kigoma na Tabora hatukuona makaburi mengi wakati wa korona?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi muulizaji huwa ameshajijibu: ugonjwa haukutugusa. Jibu ni refu kidogo.

Kwanza, umri wetu. Zaidi ya Watanzania wanne katika kila kumi wana umri chini ya miaka 15, na waliovuka 65 ni sehemu ndogo sana. Ugonjwa unaoua hasa wazee ukiingia mahali palipojaa watoto, utaua wachache kuliko ungeua Italia, hata kama umeambukiza wengi. Pili, watu huku wanaishi zaidi nje na kwenye nyumba zinazopitisha hewa. Hilo huenda lilisaidia vijijini. Sidhani liliisaidia Mwanga mjini Kigoma au sokoni Kibirizi asubuhi dagaa wanaposhuka.

Tatu, hatukuhesabu. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Baada ya mapema Mei mwaka huo takwimu zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikutolewa tena hadi katikati ya 2021. Chanjo ilizinduliwa Julai 28, 2021. Katikati ya hapo, mzee aliyefia nyumbani Buhigwe kwa “kubanwa kifua” alizikwa na jamaa zake, basi.

Kuna ushahidi wa jirani unaonyesha jambo hili linavyofichika. Lusaka, nchini Zambia, watafiti walichukua sampuli za marehemu katika mochwari ya hospitali ya chuo kikuu katikati ya 2020. Karibu mmoja kati ya kila sita alikutwa na virusi vya korona. Kati ya hao, waliowahi kupimwa wakiwa hai hawakufika hata kumi. Kimya cha takwimu, kwa hiyo, kisichukuliwe kama kimya cha makaburi. Lakini pia asitokee mtu kudai tulipoteza watu sawa na New York; muundo wa umri wetu unampinga.

Ni janga gani liliwahi kushusha umri wa kuishi Tanzania waziwazi?

Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera mwaka 1983. Tazama sensa: mwaka 1978 umri wa kuishi ulikuwa miaka 44, mwaka 1988 ukawa 50. Miaka kumi, nyongeza sita. Kisha 2002 ukawa 51. Miaka kumi na minne, nyongeza mwaka mmoja! Watoto waliokuwa wakiokolewa kwa chanjo na maji ya chumvi na sukari walifidia wazazi waliokuwa wakizikwa, na hesabu ikabaki palepale. Botswana, ambako maambukizi yalikuwa makubwa zaidi, wastani ulianguka wazi.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Sensa ya 2012 ilionyesha miaka 61 na ushei. Dawa hizo si sababu pekee. Vyandarua na dawa mseto ya malaria vilifanya kazi kubwa. Lakini bila dawa hizo mruko kama huo usingewezekana.

Kigoma na Tabora ziliumia sawa kwa ukimwi?

Hapana. Utafiti wa kitaifa wa 2016-17 ulikuta maambukizi ya watu wazima Kigoma yakiwa asilimia 2.9, Tabora 5.1, na Njombe 11.4. Njia kuu za malori, biashara, uhamaji wa vibarua na kutahiriwa kwa wanaume ni kati ya mambo yanayotenganisha mikoa. Tabora ni njia panda ya reli, na mashamba ya tumbaku ya Urambo na Kaliua huvuta vibarua kutoka mbali, wakiwemo wengi kutoka Kigoma yenyewe. Kigoma ilikaa pembeni kwa muda mrefu kwa sababu ya barabara mbovu. Ni ajabu kusema ubovu wa barabara uliwahi kumfaa mtu, lakini kwa ugonjwa huu huenda uliwafaa baadhi.

Na malaria? Si ndiyo inayotuua zaidi?

Malaria si janga linalokuja na kuondoka, ipo siku zote. Ndiyo maana haitishi kama korona, ingawa kwenye umri wa kuishi inauma kwa sababu inachukua watoto (rudi kwenye swali la umri hapo juu). Mwaka 2017 Kigoma iliongoza nchini kwa watoto wenye vimelea, karibu asilimia 24. Mwaka 2022 Tabora ikashika nafasi hiyo kwa karibu asilimia 23, huku wastani wa taifa ukiwa kama 8.

Janga likija juu yake, malaria hupata nafasi. WHO ilikadiria kuwa mwaka 2020 duniani walikufa watu 627,000 kwa malaria, ongezeko la 69,000 kwa mwaka mmoja, na kwamba karibu theluthi mbili ya ongezeko hilo ilitokana na huduma kuvurugika. Mama aliyeogopa kwenda zahanati kwa hofu ya korona, mtoto wake akafa kwa homa, haandikwi popote kama kifo cha korona. Duniani, watoto milioni 25 walikosa chanjo zote au baadhi ya dozi za msingi mwaka 2021. Vifo vya namna hii huja vikichelewa.

Wazee husimulia mafua makubwa ya zamani. Yalifika huku?

Yalifika, mwishoni mwa 1918, wakati Vita ya Kwanza ya Dunia inamalizika. Njia ilikuwa tayari: reli ya kati ilishafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Wabelgiji walikuwa wameitwaa Tabora tangu Septemba 1916. Askari na wapagazi waliodhoofika kwa njaa na kuhara walikuwa wakirudi makwao, na vyakula vilishachukuliwa na majeshi. Katika Tanganyika nzima walikufa makumi ya maelfu, na Ugogo njaa kali iliyojulikana kwa jina la Mtunya iliwaelemea watu miaka hiyohiyo. Kutenganisha aliyeuawa na mafua, njaa au vita ni kazi isiyowezekana sasa.

Kipindupindu cha Kagunga kilibadilisha umri wa kuishi Kigoma?

Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walijazana Kagunga, kijiji cha ufukweni kilichobanwa na milima, ambako njia ya kutoka ilikuwa ziwa. Choo hakuna, maji ni yaleyale ya ziwa. Wagonjwa walipita 3,000 na vifo vilipita 30, karibu wote wakimbizi. Meli ya Liemba ilibeba watu hadi Kigoma, wakapokelewa kwenye uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa Nyarugusu.

Kwa mkoa wenye watu zaidi ya milioni mbili, vifo hivyo havisogezi wastani. Hiyo ni sifa ya waliowahisha maji ya chumvi, dripu na chanjo. Goma, mashariki mwa Kongo, Julai 1994, kipindupindu na kuhara damu viliua wakimbizi wa Rwanda wapatao 50,000 katika muda wa wiki chache. Bakteria wa kipindupindu ni yuleyule. Maji safi na dripu vilichelewa.

## Usajili wa vifo

Ndugu yetu amefia nyumbani na tumeshazika. Kuna haja ya kusajili?

Ipo. Kifo husajiliwa ndani ya siku 30. Anzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha msajili wa wilaya chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili. Ukichelewa bado inawezekana, taratibu tu huongezeka. Hospitali hutoa karatasi zake kwa aliyefia wodini, na kwa sababu hiyo vifo vya hospitali huonekana zaidi kuliko vya nyumbani.

Familia nyingi hukumbuka cheti pale tu kuna mirathi, pensheni au akaunti ya benki. Marehemu asiye na mali, mtoto mchanga na bibi wa kijijini hubaki nje. Matokeo yake daftari letu linajua zaidi vifo vya wanaume wa mjini wenye ajira.

Kama vifo vingi havisajiliwi, umri wa kuishi wa mkoa unapatikanaje?

Kwa njia za kuzunguka. Sensa huuliza kila kaya kama kuna aliyefariki ndani ya miezi 12 iliyopita, na huuliza wanawake watoto waliozaa na walio hai. Tafiti za afya ya uzazi na mtoto huongeza kina: vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 112 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai katika utafiti wa 2004-05 hadi 67 mwaka 2015-16 na 43 mwaka 2022. Yapo pia maeneo yanayofuatiliwa kaya kwa kaya, kama Ifakara na Rufiji, na mahojiano na ndugu wa marehemu: alianza kuumwa lini, alikohoa, alivimba, alipata degedege? Kutokana na majibu, daktari hukadiria kilichomuua.

Njia hizi zinaonyesha mwelekeo wa miaka vizuri. Kwa janga la miezi minne hazifai, kwa sababu sensa huja kila baada ya miaka kumi. Afrika Kusini, ambako vifo vingi husajiliwa mapema, iliweza kuona wiki kwa wiki: vifo rasmi vya korona viliishia kama 102,000, lakini vya ziada vilizidi mara mbili ya hapo. Sisi tungeweza kuona hivyohivyo tungekuwa na daftari lililojaa, na hilo halihitaji mashine ya bei kubwa.

## Maswali ya pembeni

Mtu wa Kakonko akifia Mwanza kwenye rufaa, ni kifo cha mkoa gani?

Inategemea nani anahesabu. Ripoti ya hospitali humhesabu alikofia. Takwimu za idadi ya watu hutaka makazi yake ya kawaida, na hapo ni Kigoma. Ndiyo maana mikoa yenye hospitali kubwa inaweza kuonekana kama inaua sana, na hospitali za Kitete (Tabora) au Maweni (Kigoma) hubeba vifo vya wilaya zote zinazozizunguka. Usilinganishe wilaya kwa vifo vya wodini.

Wakimbizi wamo kwenye namba za Kigoma?

Kambini kuna mfumo wake wa kuhesabu vifo kila wiki, na kipimo cha hatari kinachojulikana: kifo kimoja kwa watu 10,000 kwa siku. Kikivukwa, hiyo ni dharura. Kwa maoni yangu inatia aibu kidogo kwamba kifo cha Nyarugusu kina nafasi kubwa ya kuandikwa kuliko cha kijiji kilicho ng’ambo ya barabara. Ukisoma takwimu yoyote ya Kasulu au Kibondo, angalia kwanza kama imewajumuisha wakimbizi au la.

Marburg (homa kali ya jamii ya Ebola) au mpox (homa ya nyani) ikiingia, umri wa kuishi utaporomoka?

Ugonjwa unaotisha si lazima usogeze wastani. Marburg ya Kagera mwaka 2023 ilikuwa na wagonjwa tisa, sita wakafariki. Kwa anayeugua hiyo ni hatari kubwa mno. Kwa nchi ya watu 61,741,120 wa sensa ya 2022, namba haitikisiki. Mpox, iliyotangazwa na WHO kuwa dharura ya kimataifa Agosti 14, 2024, huua sehemu ndogo ya wanaougua, na Kigoma inapaswa kuwa macho kwa sababu ya Kongo na Burundi. Hatari kwa wastani wa umri huja kwa njia ya pili: wahudumu wakiugua na wajawazito wakikimbia zahanati, vifo vya uzazi na malaria huongezeka. Ebola ya Afrika Magharibi ya 2014 hadi 2016 ilionyesha hivyo.

Mwanangu alizaliwa 2021. Ataishi miaka michache kuliko aliyezaliwa 2019?

Hapana, si kwa sababu hiyo. Namba ya 2021 inadhani hatari za 2021 zingeendelea maisha yake yote, na hazikuendelea. Kwa mtoto wa Kigoma au Tabora yenye uzito zaidi ni kama alipata chanjo zake zote, kama analala ndani ya chandarua, na maji anayokunywa yanatoka wapi. Kama alikosa chanjo kipindi kile, mpeleke kliniki na kadi yake. Dozi nyingi za utotoni bado anaweza kufidiwa.